Faharasa ya h: maana yake, na inavyohesabu kazi ya wasanisi wa nukleosidi

Faharasa ya h ni namba moja inayopatikana kwa kulinganisha wingi wa makala za mtafiti na idadi ya mara ambazo kila makala imerejelewa na watafiti wengine. Mtafiti huwa na faharasa ya h ya 20 pale ambapo makala zake 20 zimerejelewa angalau mara 20 kila moja, huku zilizobaki zikiwa hazijazidi mara 20. Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Katika muda mfupi kikawa miongoni mwa namba zinazotazamwa pale mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo au mtafiti anapoomba fedha za utafiti.

Mwenye kutaka kuihesabu kwa mkono huzipanga makala kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi hadi iliyorejelewa mara chache, kisha huishuka orodha akilinganisha nafasi ya kila makala na idadi ya marejeo yake. Tuchukue mtafiti mwenye makala saba zilizorejelewa mara 48, 30, 17, 9, 6, 6 na 3. Makala ya sita imerejelewa mara 6, kwa hiyo inatosha. Ya saba imerejelewa mara 3 tu na haifikii 7, basi hesabu inaishia hapo na faharasa yake ni 6. Lau ile ya kwanza ingekuwa imerejelewa mara 48,000 badala ya 48, jibu lingebaki 6. Tabia hiyo imekusudiwa: kipimo hakitaki makala moja iliyovuma ibebe nyingine zote ambazo hazikusomwa, wala hakitaki lundo la makala zisizorejelewa na yeyote lihesabiwe kuwa ufanisi. Tena namba hii haipungui kwa sababu ya muda kupita. Mtafiti aliyestaafu anaweza kuiona ikipanda bila yeye kuandika sentensi mpya.

Wazo la kuhesabu marejeo lenyewe ni la zamani kuliko Hirsch. Eugene Garfield alilipendekeza mwaka 1955, na kuanzia mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikawa inachapisha faharasa ya marejeo ya kisayansi, yaani orodha inayoonyesha makala ipi imerejelewa na ipi. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kufuatilia wazo kutoka makala moja hadi nyingine, yaani kujua ni nani aliyelitumia, aliyelisahihisha au aliyelipinga. Kuwapima watu binafsi kulikuja baadaye, na naona ni muhimu kulikumbuka hilo, kwa kuwa chombo kilichoundwa kufuata mawazo kina mapungufu yake kinapogeuzwa kuwa mizani ya watu.

Mapungufu hayo huonekana vizuri kipimo kikiwekwa juu ya kazi halisi, na kazi ninayoichagua ni usanisi, yaani utengenezaji kwa njia ya kemia, wa nukleosidi na oligonukleotidi zilizobadilishwa. Nukleosidi ni molekuli inayoundwa na besi, kama vile adenini au urasili, iliyoungana na sukari; ikiongezewa fosfeti huitwa nukleotidi, na nukleotidi chache zikiungana katika mnyororo mfupi hupatikana oligonukleotidi. Mnyororo wa asili hauna maisha marefu ndani ya mwili, kwani vimeng'enya huukata haraka. Ndiyo maana wanakemia huubadilisha: huweka atomu ya salfa mahali pa oksijeni moja ya fosfeti, hupachika kundi jingine la atomu kwenye kaboni ya pili ya sukari, au hubadilisha besi yenyewe. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli kwa kuua seli za neva za uti wa mgongo, ni oligonukleotidi ya viungo 18, yaani nukleotidi 18, ambavyo vyote vina sukari iliyobadilishwa.

Mnyororo wa namna hiyo hujengwa kiungo kimoja baada ya kingine juu ya chembe ngumu ndogo, na kila kiungo hupitia hatua nne. Kwanza asidi huondoa kinga iliyofunika ncha ya mnyororo. Pili kiungo kipya huunganishwa kwenye ncha hiyo. Tatu minyororo iliyokosa kuunganika huzibwa isiendelee kukua na makosa. Nne kifungo cha fosforasi kinachoshikanisha viungo huimarishwa kwa kuongezewa oksijeni, au salfa ikiwa hiyo ndiyo inayotakiwa. Kisha mzunguko huanza upya. Ugumu wa kazi hii umo katika kuzidishana kwa hasara. Kila muungano ukifanikiwa kwa asilimia 99, ambayo ni kazi nzuri kabisa, mnyororo wa viungo 20 utakamilika kwa takriban asilimia 83, lakini wa viungo 100 utakamilika kwa asilimia 37 tu. Mwanakemia anayetumia miaka kuinua ufanisi wa muungano mmoja kutoka asilimia 99 hadi 99.5 amefanya jambo kubwa, kwa sababu mnyororo uleule wa viungo 100 sasa hufikia asilimia 61 hivi. Kwa mtu asiyejua hesabu hii, kichwa cha makala yake kitaonekana kama marekebisho madogo.

Turudi sasa kwenye marejeo. Njia ya fosforamiditi, inayotumika hadi leo katika mashine za kusanisi oligonukleotidi, iliwasilishwa mwaka 1981 na Marvin Caruthers na Serge Beaucage wa Chuo Kikuu cha Colorado, kwa kujengea juu ya kazi ya Robert Letsinger na wengine. Watafiti wasiohesabika hutumia oligonukleotidi zilizotengenezwa kwa njia hiyo, iwe ni kwa kurudufisha kipande cha DNA au kwa kutambua kirusi. Wengi wao huziagiza kutoka kiwandani na kuandika katika makala zao jina la kiwanda tu. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza tukio hili kuwa ni kazi kufutika kwa kuwa imekuwa sehemu ya maarifa ya kila mtu: kadiri wazo linavyokubaliwa kabisa, ndivyo haja ya kulirejelea inavyotoweka. Kipimo cha marejeo husoma ukimya huo kama kutotumika, ilhali maana yake ni kinyume.

Kuna pia tatizo la muda. Jerome Horwitz na wenzake waliisanisi nukleosidi iliyobadilishwa inayoitwa AZT mwaka 1964, wakitafuta dawa ya saratani, na kwa saratani haikufaa. Mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani dhidi ya virusi vya UKIMWI. Miaka 23 ni sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mtu, na kamati iliyokaa mwaka 1970 isingeweza kuisoma thamani hiyo katika namba yoyote. Mfano wa pili ni wa mwaka uleule ambao Hirsch alitoa pendekezo lake. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba RNA, yaani mnyororo wa nukleotidi ambao aina yake ya mRNA hubeba maelekezo ya kutengeneza protini, ikiwa na nukleosidi zilizobadilishwa, kama pseudouridini, haiamshi tahadhari ya mfumo wa kinga kama inavyofanya RNA isiyobadilishwa. Makala hiyo haikuvuma ilipotoka. Msingi huo ndio uliowezesha chanjo za mRNA dhidi ya UVIKO-19, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Katika faharasa ya h, makala hiyo, hata irejelewe mara maelfu, huongeza 1 tu.

Swali la nani hasa ni mwandishi ni gumu zaidi, nami naliona ndilo kiini cha jambo, kwa kuwa faharasa ya h hailiulizi kamwe. Kila jina lililo juu ya makala hupewa marejeo yote, kana kwamba kila mmoja aliifanya kazi nzima. Mwaka 2015 ilichapishwa makala ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi zaidi ya 5,000, na makala hiyo huingia nzima katika hesabu ya kila mmoja wao. Katika kemia na biolojia desturi ni kwamba jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na la mwisho ni la kiongozi wa maabara, ilhali katika hisabati majina hupangwa kwa alfabeti. Msanisi aliyetengeneza nukleosidi mpya ili mwanabiolojia aijaribu ndani ya seli mara nyingi hujikuta katikati ya orodha, mahali ambapo msomaji hawezi kujua kama alitengeneza molekuli yenyewe au alisoma rasimu na kutoa maoni.

Njia moja ya kurekebisha ni kugawa marejeo kwa idadi ya waandishi, ingawa huko nako ni kudhani kwamba wote walifanya sawa. Njia nyingine, ambayo binafsi naiona bora, ni utaratibu wa CRediT wenye majukumu 14, kama vile kubuni wazo, kufanya uchunguzi, kuchambua data na kuandika rasimu ya kwanza, ambapo makala hutaja nani alibeba lipi. Tamko la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, nalo linazitaka taasisi zitazame maudhui ya kazi yenyewe badala ya vipimo vya jarida lililoichapisha.

Pale ambapo namba bado inatakiwa, inapaswa kuandikwa pamoja na hifadhidata iliyotumika na tarehe ya kuhesabu, kwa sababu Google Scholar, Scopus na Web of Science hazikusanyi machapisho yaleyale, na mtu mmoja anaweza kuwa na faharasa tatu tofauti siku moja. Inafaa pia ihakikiwe kwa kitambulisho cha ORCID, chenye tarakimu 16, ili kazi za watu wawili wanaoitwa jina moja zisichanganywe. Na isilinganishwe na ya mtu wa fani nyingine: makala ya biolojia ya seli huwa na wasomaji wengi wanaorejelea haraka, lakini makala inayoeleza jinsi ya kulinda kundi moja la atomu kwenye sukari ya nukleosidi huandikiwa wachache, na wachache hao wanaweza kuwa ndio wote wanaoifanya kazi hiyo.