Juri si wazee wa baraza

Kila kesi kubwa ya Marekani inapotangazwa, hazikosekani sauti zinazosema kwamba juri ndilo lile lile baraza letu la wazee mahakamani, na kwamba mageuzi yanayodaiwa kule yatufaa na sisi. Juri ni raia wa kawaida, kwa desturi 12, wanaosikiliza ushahidi na kuamua wao wenyewe kama mshtakiwa ana hatia, huku jaji akiwaongoza katika sheria.

Wazee wa baraza nao, pale wanapotumika, huketi na jaji, huuliza mashahidi maswali, na mwishoni kila mmoja hutoa maoni yake waziwazi; lakini jaji hafungwi na maoni hayo, hata wakiafikiana wote. Tofauti hii haikuzuka hivi hivi. Katika Kenya ya ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri la Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika aliwekewa wazee wa kumshauri jaji tu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipofikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor huko Nyeri mwaka 1956, waliketi wazee watatu Waafrika, nao wakasema ana hatia. Hadi leo huandikwa kwamba alihukumiwa na juri la Waafrika, jambo linalowatwika wazee wale uamuzi ambao sheria haikuwapa, kwani hata wangemtetea wote watatu, jaji angeweza kumtia hatiani.

Kwa kuwa juri kwa kawaida halitoi sababu za uamuzi wake, haki hulindwa kwenye uteuzi wa wanajuri na idadi inayotakiwa kukubaliana. Huko Louisiana, kwa kanuni yenye asili ya mwaka 1898 iliyokusudiwa kuzima sauti za wanajuri weusi, mtu aliweza kutiwa hatiani ingawa wanajuri wachache walipinga, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotaka kauli moja mwaka 2020. Kwetu, jaji huandika sababu zake, na hizo ndizo wakili huzichambua katika rufaa.

Kenya iliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007, na Tanzania Bara ikaondoa ulazima wao katika Mahakama Kuu mwaka 2022. Anayesikitikia mabadiliko hayo ana hoja, kwa maana jaji amepungukiwa na watu wanaojua mila na maisha ya pale kosa lilipotendeka. Ila asiseme kwamba wananchi wamenyang'anywa uamuzi, kwa sababu hawakuwahi kuwa nao.