Je, wajua? Kwa nini mzazi wa Kilatino Marekani anaonekana hajali shule, kumbe anafundisha kutwa

Ukikaa na walimu wa chekechea kule Texas, California au Arizona hukosi kuskia hii: wazazi wa Kilatino, yaani wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini, hawajitokezi. Kikao kimeitishwa viti vitupu, na hata yule aliyekuja kakaa nyuma kabisa, kasikiliza mpaka mwisho, swali hajauliza, kashukuru kaondoka zake. Basi inaandikwa huyu hashiriki. Na sio watu wachache hao, karibu mtoto mmoja kati ya wanne Marekani ni Mlatino, na wengi mno wamezaliwa hukohuko.

Sasa tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Mmarekani akitaja elimu anawaza shule, herufi, namba. Mmeksiko akisema educación kwa Kihispania chake kabeba mkupuo mmoja vitu ambavyo sisi tumevipa majina mawili, elimu na malezi. Mtoto "bien educado" ni yule anayeamkia wakubwa, hadakii maneno ya watu, anajua akae wapi wageni wakija. Na "maleducado" sio mtu ambaye hajasoma, ni mtu hana adabu, yaani unaweza ukawa na digrii tatu ukutani na bado ukawa maleducado wa kutupwa. Mtafiti Leslie Reese na wenzake waliifuatilia hii kwa familia za wahamiaji California wakachapisha 1995, na walichokikuta ni kwamba wazazi wale hawakuona adabu kama kitu cha pembeni mwa masomo, ndo msingi wenyewe, mtoto asipowekwa kwenye njia njema hata hizo herufi hazimsaidii.

Ukishaelewa hapo ule ukimya wa kikaoni unasomeka vingine kabisa. Mzazi kagawa kazi: mi nakuletea mtoto mwenye heshima, wewe mwalimu uliyesomea ndo umfundishe, nikianza kukuuliza-uliza mbona unafundisha hivi nitakua nakuvunjia heshima. Na hapa mtu wa kwetu haitaji kuelezwa sana, nani alishawahi kumuona mama yake akimbishia mwalimu mbele za watu? Ila mwalimu wa Kimarekani anasubiri maswali, kwake swali ndo dalili ya kujali. Kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa namna ambayo mwenzake haioni.

Kuna na yale ya kawaida tu, kikao saa tisa mchana na mama yuko shifti, karatasi zote za Kiingereza, na woga wa watu wa uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1982, kwenye kesi ya Plyler iliyotoka Texas, kwamba shule ya umma haiwezi kumfungia mlango mtoto kwa sababu hana vibali, lakini woga hauondoki kwa hukumu.

Haya, nyumbani sasa kunafanyika nini? Chukua mtoto kaanguka kachubuka goti. Bibi yake anampapasa pale pale huku anaimba "sana, sana, colita de rana, si no sanas hoy, sanarás mañana". (Hiyo sana sio hii yetu, ni pona: pona, pona, kamkia ka chura, usipopona leo utapona kesho.) Mtoto machozi yanakauka anacheka, chura ana mkia tangu lini? Lakini skiliza tena, sana na rana, rana na mañana, mtoto wa miaka mitatu anafundishwa kuskia vina na kutenganisha sauti, na hiyo ndo kazi ile ile atakayoihitaji siku anaanza kusoma. Ila fomu ya shule inauliza tu unamsomea kitabu kila usiku? Bibi anajibu hapana, anapata sifuri.

Na usisahau ule ushauri mbovu uliotolewa miaka na miaka, ati acheni Kihispania nyumbani mtoto ashike Kiingereza haraka. Matokeo yake mama anaongea na mwanae kwa lugha anayoibabaisha, hadithi zinakatika, utani unaisha. Wakati uwezo wa kusikia sauti na kufuata hadithi mtoto akiupata kwa Kihispania anahama nao hadi kwenye Kiingereza.

Sio kwamba hakuna waliojaribu vizuri. Head Start, mpango wa serikali wa watoto wadogo wa familia maskini ulioanza 1965, unataka mwalimu amtembelee mtoto nyumbani walau mara mbili kwa mwaka, na tangu 1969 una tawi la watoto wa vibarua wa mashambani. Huko Texas kuna shirika la AVANCE, tangu miaka ya 70, wamama wanakaa darasani wanashona na kutengeneza midoli ya kuchezea na kufundishia watoto wao kwa vitu vya nyumbani.

Ila mimi mfano ninaoupenda ni wa Tucson, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 90, japo watoto wake ni wa shule ya msingi, wakubwa kidogo. Luis Moll na wenzake wa chuo kikuu waliwatuma walimu majumbani, na hawakwenda kumwelekeza mzazi chochote, walikwenda kujifunza familia inajua nini. Wakakuta ujenzi, dawa za miti, kilimo, biashara za mpakani. Mwalimu mmoja akagundua mwanafunzi wake anauza pipi za Meksiko mtaani, kijana mfanyabiashara kabisa, darasani hakuna aliyejua! Basi akatunga somo zima la pipi, watoto wakalinganisha viambato vya pipi za nchi mbili, wakashangaa zile za Meksiko zina vichache. Halafu akaitwa mama wa mwanafunzi mmoja aje awaonyeshe kutengeneza pipitoria, ile ya mbegu za maboga na sukari. Mama akasimama mbele ya darasa anapika anaeleza, mpaka habari za lishe, na mwalimu kakaa pembeni anajifunza pamoja na watoto.