Utumbo wa dume, utumbo wa jike

Usiandike kwa kalamu ya wino kwenye kioo cha hadubini. Mimi nililijua hilo nikiwa bado mwanafunzi, siku nilipotumbukiza vioo vyangu kwenye spiriti vikatoka bila jina hata kimoja. Vipande vya utumbo vilikuwa vizuri, seli za ute zimeshika rangi ya buluu, ila sikuweza tena kusema kipi cha panya dume na kipi cha jike. Mwenzangu wa maabara akanituliza: "Utumbo ni utumbo tu." Nikamwamini kwa miaka kadhaa.

Utando wa ndani wa utumbo mwembamba wa panya hujibadilisha karibu wote kila baada ya siku 3 hadi 5. Chini kabisa, ndani ya vishimo visivyoonekana kwa macho, zimo seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine zote za utando. Kundi la Hans Clevers huko Uholanzi lilizitambua mwaka 2007 kwa jeni iitwayo Lgr5. Seli shina ikigawanyika, mtoto wake hupanda juu huku akichagua kazi: kufyonza chakula, au kutoa vitu kama ute na homoni. Anayeamua kwa kiasi kikubwa ni seli jirani. Seli inayopokea ishara ya Notch, ambayo seli hupeana kwa kugusana, huizima jeni ya Atoh1 na kuwa mfyonzaji. Ile iliyokosa ishara huiwasha Atoh1, ikaingia ukoo wa watoaji. Panya asiye na Atoh1 hana seli ya ute hata moja.

Sasa, tuseme umezima jeni fulani, seli za ute zikaongezeka kwa majike na kupungua kwa madume. Ukiwachanganya wote kwenye hesabu moja utapata sifuri, na utaandika kwa dhati kwamba jeni hiyo haina kazi. Ndiyo maana naudhika nikisoma makala isiyotaja hata jinsia ya panya wake.

Tofauti hiyo inaweza kuingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni homoni, na jike ana mzunguko wa siku 4 hadi 5, yaani takriban umri ule ule wa utando wenyewe. Wa pili ni kromosomu. Jike ana X mbili, moja hunyamazishwa, lakini jeni chache hukataa kunyamaza. Mojawapo ni Kdm6a, ambayo hufuta alama zinazofunga jeni nyingine. Dume ana nakala moja tu, pamoja na ndugu yake wa kwenye Y, Uty, aliye dhaifu kikazi. Mimi namshuku sana huyu Kdm6a, ingawa kushuku si kuthibitisha.

Kwamba seli ya utumbo inaweza kujua jinsia yake yenyewe, inzi wa matunda walituonyesha mwaka 2016. Watafiti wa London waligeuza seli shina za inzi majike ziwe na utambulisho wa kiume, bila kugusa mwili uliobaki, na utumbo ukapungua ukubwa.

Kwa panya tunatumia ujanja mwingine. Jeni ya Sry, inayoanzisha korodani, imeondolewa kwenye Y na kupachikwa kwenye kromosomu ya 3. Hivyo unapata dume mwenye XX na jike mwenye XY, na unaweza kutenganisha homoni na kromosomu. Nilizipenda sana panya hizi, mpaka mwaka 2024 ilipogunduliwa kwamba katika ukoo mmoja unaotumika mno, kipande cha X chenye herufi za DNA zipatazo milioni 3.2 kilikuwa kimehamia kwenye Y hiyo, pamoja na jeni ya kinga iitwayo Tlr7. Kumbe panya wake wa XY walikuwa na Tlr7 mara mbili. Kwa kiungo kinachoishi na bakteria usiku na mchana, hilo si dogo. Mwenye panya hao kwenye vizimba vyake na apime Y yao kabla ya kuhesabu seli yoyote.