Je, wajua kwa nini mabinti kumi wa Mumbi huhesabiwa kenda?

Mwombe mzee yeyote wa Kikuyu akutajie mabinti wa Gikuyu na Mumbi, baba na mama wa kwanza wa Wakikuyu katika kisasili chao. Ataanza na Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangui, Wangeci, Wanjeri, Nyambura, Wairimu na Wangari, kisha atamalizia na Wamuyu, ambaye wengine humwita Warigia. Kama ulikuwa ukikunja vidole, vyote kumi vimekwisha. Sasa muulize jumla ni wangapi. Atakujibu bila kupepesa jicho: kenda muiyuru.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Kenda ni neno letu pia, lile la zamani ambalo tisa ya Kiarabu ililisukuma pembeni, na lingali hai katika jina la Wamijikenda. Muiyuru ni iliyojaa. Ni kenda iliyojaa hadi ikamwagika. Sababu inayotajwa mara nyingi ni mwiko: watoto wa mtu hawahesabiwi hadi wa mwisho kama magunia ya mahindi, maana kufanya hivyo ni kuwaitia balaa. Wapo pia wanaosimulia kwamba yule wa kumi alizaa kabla ya kuolewa, ndiyo maana akaachwa nje ya hesabu.

Mwandishi wa Kenya Ngugi wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamiriithu karibu na Limuru mwaka 1938 na kufariki Marekani Mei 2025, alitembea na kisasili hiki tangu ujana wake hadi uzeeni. Kinachonivutia ni kwamba kila alipokirudia alikuwa na ugomvi mpya nacho.

Kisasili chenyewe ni kifupi. Ngai, Mungu wa Wakikuyu, alimwita Gikuyu juu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, akamwonyesha nchi yote iliyo chini, mabonde, mito na misitu, akamwambia ni yako. Kisha akamtuma Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a ya leo, na huko akamkuta Mumbi. Hata majina yao tunayasikia: Gikuyu ni mkuyu mkubwa, Mumbi ni yule aumbaye. Wakazaa mabinti, na koo za Wakikuyu zikachukua majina ya mabinti hao. Mwaka uleule aliozaliwa Ngugi, Jomo Kenyatta alichapisha masimulizi haya London katika kitabu chake Facing Mount Kenya, wakati walowezi wamekalia mashamba ya nyanda za juu. Hapo hadithi ya asili inageuka hati ya shamba.

Ndivyo Ngugi alivyoitumia kwanza. Katika Weep Not, Child, riwaya ya mwaka 1964, mzee Ngotho anawasimulia wanawe usiku jinsi Muumba alivyowapa Gikuyu na Mumbi nchi. Mwanawe Njoroge anauliza swali la kitoto ambalo ndilo kitabu kizima: basi ile nchi ilikwenda wapi? Ngotho anakiri kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza swali hilo. Kesho yake ataamka kwenda kulima kibarua kwa Mzungu Howlands, juu ya ardhi ileile ya baba zake. Katika The River Between, iliyotoka mwaka uliofuata, baba anampandisha mwanawe Waiyaki kwenye kilima kitakatifu na kumrithisha utabiri wa Mugo wa Kibiro, mwaguzi wa Wakikuyu wa zamani, kuhusu wageni wenye nguo kama mabawa ya vipepeo. Kijana anapewa kazi ya mwokozi, na inamshinda. Nionavyo mimi, tayari Ngugi alikuwa akishuku kwamba kisasili peke yake hakiwezi kumrudishia mtu shamba.

Kisha ikaja jela. Baada ya tamthilia yake ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), kuchezwa Kamiriithu mwaka 1977, Ngugi alitiwa kizuizini bila kesi katika gereza la Kamiti. Humo ndani, kwa kuandika kwenye karatasi za chooni, alitunga riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, tunayoijua kama Shetani Msalabani. Safari hii hakwenda mlimani kwa Ngai, alishuka kwenye ngano za bibi, kwa mazimwi.

Mzee mmoja ndani ya riwaya anasimulia habari za mkulima aliyebebeshwa zimwi mgongoni. Makucha yamezama shingoni na mabegani. Mkulima ndiye alimaye, achotaye maji, akataye kuni na kupika, na zimwi kazi yake ni kula na kulala. Kadiri mwenzake anavyokonda ndivyo lenyewe linavyonenepa, na likishashiba linamwimbia nyimbo za dini kumhimiza avumilie, kwani atapumzika mbinguni. Mganga anampa dawa moja tu: mafuta yachemke, yamwagwe juu ya makucha. Sisi husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la Ngugi linakujua vizuri sana, na linakumaliza. Mkenya aliyesoma hayo mwaka 1980 hakuhitaji kuelezwa linakaa mtaa gani.

Matigari, ya mwaka 1986, nayo ilitokana na ngano ya mtu anayezunguka akitafuta tiba. Ngugi alisimulia kwamba serikali ilisikia watu wakimzungumza huyo Matigari anayedai ukweli na haki, ikaagiza akamatwe. Walipogundua yumo kitabuni, wakakamata vitabu.

Halafu, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, akarudi kwa mabinti. Kenda Muiyuru ni riwaya iliyoandikwa kama utenzi: wachumba 99 wanafika nyumbani kwa Gikuyu baada ya kusikia sifa za uzuri wa wasichana, na badala ya kugawiwa wake wanakuta wasichana wanaojenga, wanaowinda na wanaojichagulia. Kumbuka Kenyatta aliandika kwamba zamani wanawake ndio waliotawala, hadi wanaume wakala njama ya kuwatia mimba wote kwa pamoja ili wawapindue. Ngugi anawaweka tena mbele. Na safari yote ya kupanda milima na kupigana na mazimwi inafanywa kwa ajili ya mtu mmoja: Warigia, yule wa kumi, ambaye miguu yake haiwezi kumbeba. Asiyetajwa kwenye jumla ndiye anayeisukuma hadithi.

Ngugi alikitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na mwaka 2021 kikawa kitabu cha kwanza kilichoandikwa kwa lugha ya asili ya Kiafrika kuingia orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker. Jalada la Kikuyu bado linasema kenda. Hata yeye hakuthubutu kuandika kumi.