Kunyamaza kwa waliopitia kizuizini si kupona

Kila zinapotajwa kambi za kizuizini za wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya (1952–1960), Waingereza walipopambana na wapiganaji wa Mau Mau, hakosi mtu wa kusema kwamba wazee wale hawakuwa na kiwewe. Walirudi, wakalima, wakasomesha watoto, wala hawakulalamika. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na yanauma.

Kiwewe ni jeraha la akili linalobaki baada ya hatari kupita. Mtu huota yaleyale, hushtuka akisikia buti nje ya mlango, hufa ganzi moyoni. Na hukwepa: hapiti njia fulani, hatamki jina fulani. Kukwepa huko ni sehemu ya maradhi yenyewe, lakini watu hukuona wakadhani ni nafuu.

Tena ukimya wa waliotoka Manyani au Hola una sababu zake. Ndani ya kambi, kusema ndiko kulikodaiwa kwa kiboko. Aliyekamatwa alichujwa, yaani alihojiwa ili ijulikane kama ni Mau Mau, akashurutishwa kukiri kiapo cha Mau Mau, na aliyekataa akapelekwa kambi kali zaidi. Mtu aliyepitishwa humo kwa miaka, ukimkalisha umwambie, "Hebu tueleze yaliyokupata," huenda akamsikia yule aliyemchuja. Na ukweli wenyewe ulipingwa hadharani. Watu 11 walipopigwa hadi kufa Hola, tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Wenzao walikuwa wameona kwa macho. Uhuru ulipokuja, Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku hadi 2003, na jirani wa shamba la pili pengine alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyekuwa upande wa wakoloni. Angemwambia nani?

Hata jina la kitabibu la kiwewe cha muda mrefu liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka 20 baada ya Hali ya Hatari kuondolewa. Anayesema hakuna mzee aliyepimwa akakutwa nacho miaka ile, asisahau kwamba kipimo chenyewe hakikuwapo.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 walioteswa wakati huo jumla ya pauni milioni 19.9. Ili wafike hapo, ilibidi wazee waseme tena yale waliyoyafungia moyoni kwa nusu karne.

Kwa hiyo tuseme tunachokijua: mzee aliyetoka kambini alinyamaza. Kama alipona, hilo ni lake kulisema, akitaka.