Je, wajua kwa nini "brake" ikawa breki, lakini "tyre" ikawa tairi?

Keti dakika tano kwa fundi pikipiki pale Mafiati, Mbeya, utasikia tairi, breki, gia, waya. Yote tumeyatoa Kiingereza. Katika "brake" na "tyre", Waingereza wengi hutelezesha irabu: ulimi unaanzia mahali pamoja na kuishia pengine ndani ya silabi ileile. Wanaisimu huiita diftongi, neno la Kigiriki lenye maana ya sauti mbili. Mbona basi moja tumeinyoosha ikawa e, nyingine tukaiachia a na i?

Weka kidole kidevuni useme "a", halafu "i". Kwenye a kidevu hushuka na ulimi hulala. Kwenye i kidevu hupanda na ulimi huinuka kuelekea kaakaa. Hiyo ni safari ndefu, sikio haliikosi. Katika "brake" ulimi hutoka e na kusogea kidogo tu kuelekea i, nasi tukasikia e, basi. Ndivyo tulivyopata keki na geti, na upande wa o, koti na goli. (Waskoti wengi huitamka "brake" kwa e iliyotulia kama yetu.) Safari ndefu zilibaki na vituo viwili: laini, faili, pauni.

Na vituo hivyo kila kimoja ni silabi. Sema "chai ya Mufindi": mkazo uko kwenye cha. Sasa sema "tia tangawizi chaini": mkazo umehamia kwenye i. Irabu inayobeba mkazo peke yake haiwezi kuwa mkia wa nyingine. Mwingereza akisema "tie" ni pigo moja. Sisi tukisema tai ni mawili.

Kiingereza nacho hakikuanza hivyo. Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700 irabu zake ndefu zilihama, na "time", iliyokuwa ikitamkwa kama "tiim", ikaanza kuteleza. Herufi i ikabaki palepale kwenye maandishi.

Je, Kiswahili hakitelezi kabisa? Kinateleza, ila mteremko wetu tumeupa herufi: w na y, ziitwazo viyeyusho. Linganisha Mbeya na mbea. Ulimi hutoka e kwenda a kote kuwili. Katika Mbeya y imekuwa konsonanti kamili, katika mbea hupita kama kivuli. Mu-ana ikayeyuka ikawa mwana, vi-umba ikawa vyumba. Ma-ino haikuyeyuka, a na i zikakutana katikati: meno. Na ki-umba ikaenda mbali zaidi, ikawa chumba.

Kusini mwa Mbeya, kwa Wanyakyusa, ky haikugeuka ch. Ipo katika Kyela, ipo katika Kyimbila, ipo katika jina lao wenyewe. Mgeni akitamka "Ki-ye-la", ametumia silabi tatu. Mwenyeji hutumia mbili, k na y zikitoka kwa pigo moja.