Ukitaka uzito, saga karanga

Kila dirisha la usajili likikaribia huwa napokea ujumbe unaofanana, kutoka kwa vijana wa mpira walioambiwa na kocha kwamba ni wepesi mno, au mabondia wanaotaka kupanda daraja la uzito: "Dokta, niliambiwa nile karanga ninenepe. Nakula kila siku, mbona sinenepi?" Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hilo tuliache. Aliyekushauri karanga hakukosea. Hakukwambia tu namna ya kuzila, na kwa karanga namna ni nusu ya kazi.

Tuanze na hesabu. Gramu 100 za karanga kavu zina kalori kama 567. Korosho zina 553, lozi 579, ufuta 573. Makadamia, ambazo Kenya wanazilima kwa wingi, zimewapita wote kwa kalori 718. Sababu ni mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini hutoa 4. Ugali kwa upande wake umebeba maji mengi kuliko unga, na ndiyo maana sahani inayokushibisha hadi unalegeza mkanda inaweza kukupa nishati kidogo kuliko ulivyodhani.

Kwa mtu anayekaa ofisini jambo hili halina shida yoyote, hata linamfaa. Kwa mwanamichezo anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku ni tatizo, kwa sababu tumbo lake linajaa kabla hajala cha kutosha. Isitoshe, mazoezi makali hukata hamu ya kula kwa muda, na jua la saa tisa alasiri linamalizia kazi. Kijana anakunywa maji, anakula matonge manne, analala.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ambao nautumia sana ninapozungumza na makocha. Wanariadha 10 wa Kenya walifuatiliwa kambini kwa siku 7 wakijiandaa na mashindano. Kwa wastani walitumia kalori zipatazo 3,600 kwa siku, huku wakila kama 2,990. Zaidi ya asilimia 75 ya nishati yao ilitokana na wanga: ugali, wali, viazi, chai yenye sukari ya kutosha. Mafuta yalichangia asilimia 13 tu. Walipungua zaidi ya nusu kilo hivi ndani ya siku hizo. Mkimbiaji wa mbio ndefu anayekaribia mashindano hana haja ya kulilia nusu kilo. Lakini mpe beki wa kati wa miaka 18 chakula hichohicho msimu mzima, umwingize na gym, halafu umuulize kwa nini anasukumwa kwenye kona.

Kwa hiyo pengo la sahani zetu mara nyingi liko kwenye mafuta mazuri, na karanga na jamii yake zinaingia hapo bila kuongeza ukubwa wa sahani. Anayetafuta misuli anahitaji ziada ya kalori 350 hadi 500 kwa siku juu ya anachotumia. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kinachoongezeka ni kitambi.

Sasa turudi kwenye swali la "mbona sinenepi". Wanasayansi nao walijiuliza kitu kama hicho kwa miaka mingi, maana tafiti zinazofuatilia watu wengi huonyesha kwamba wanaokula karanga, lozi na korosho mara kwa mara hawanenepi kama hesabu ya kalori inavyotabiri. Sehemu ya jibu ni kwamba zinashibisha, kwa hiyo mlaji anapunguza chakula kinachofuata bila kujua. Sehemu nyingine, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ni kwamba mafuta ya karanga yamefungiwa ndani ya seli zenye kuta ngumu. Meno yetu hayavunji kuta zote. Seli zilizobaki nzima husafiri tumboni na kwenye utumbo na mafuta yao, hadi chooni.

Mwaka 1980 watafiti nchini Marekani walipima mafuta kwenye kinyesi cha watu waliolishwa karanga nzima, siagi ya karanga na mafuta ya karanga. Waliokula karanga nzima walitoa nje karibu asilimia 18 ya mafuta. Kwa siagi ya karanga ilikuwa asilimia 7, na kwa mafuta yenyewe chini ya 5. Baadaye watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walifanya kazi kama hiyo kwa lozi na korosho. Gramu 28 za lozi nzima, ambazo lebo zilikuwa zinasema zina kalori karibu 170, ziliupa mwili kama 129. Lozi zilizosagwa kuwa siagi hazikupoteza chochote cha maana. Kwa korosho pengo lilikuwa dogo zaidi, kama 137 badala ya 163.

Ukiwa unapunguza uzito, tafuna karanga nzima. Ukiwa unaongeza, saga. Sidhani kama kuna ushauri wa lishe wenye faida kubwa na gharama ndogo kuliko huu kwa mchezaji mwembamba, na bibi zetu waliotwanga karanga kwenye kinu kwa ajili ya kisamvu walikuwa wanautekeleza bila maabara.

Kusaga kunatatua na lile tatizo la kushiba. Kikombe cha kinywaji hupita pale ambapo sahani ya pili haipiti. Ninachowapa vijana wengi ni hiki: kikombe kimoja cha maziwa halisi (kalori 150 hivi), ndizi mbivu moja ya wastani (kama 100), na vijiko viwili vikubwa vilivyojaa siagi ya karanga (karibu 190). Jumla inakaribia 450, yaani ziada yako ya siku nzima imeingia ndani ya glasi moja, pamoja na gramu 16 au 17 za protini. Huna blenda? Ponda ndizi kwa uma, changanya na siagi ya karanga, mimina maziwa ya vuguvugu, koroga. Au weka karanga zilizosagwa kwenye uji ukishaiva.

Nimesema ukishaiva kwa makusudi. Mtindo wa kupeleka mashineni mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga kwa pamoja, ule unaoitwa unga wa lishe, siupendi. Karanga zina mafuta, na unga wenye mafuta huchacha upesi. Juu ya hapo soya inahitaji kuiva kwa muda mrefu kuliko unga wa mahindi, kwa hiyo kwenye sufuria moja daima kuna kitu hakijaiva sawasawa. Saga karanga peke yake, kidogokidogo, za wiki moja.

Kwenye chakula cha kawaida nafasi ni nyingi. Mchicha wa karanga, kisamvu, mlenda, hata maharage yanakubali kijiko cha karanga za kusaga. Waganda wametutangulia mbali kwa hili: mchuzi mzito wa karanga wanaoumwagia matoke na viazi vitamu ni chakula ambacho ningekiweka kwenye kambi ya timu yoyote bila kubadilisha kitu.

Tahadhari moja kuhusu protini, maana mitandaoni karanga zinasifiwa kupita kiasi. Kiganja kimoja cha korosho, gramu 30 hivi, kina protini gramu 5 au 6. Kijana wa kilo 60 anayenyanyua vyuma anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani zaidi ya gramu 95 kwa siku. Ukitaka kuzipata kwa korosho tu utakula zaidi ya nusu kilo kila siku, na hapo bei na tumbo vyote vitagoma. Halafu karanga zina upungufu wa laisini, kiini kilekile cha protini ambacho mahindi nayo hayana ya kutosha. Zikikutana na ugali, haziuzibi upungufu wake. Maharage, kunde na choroko zinauziba. Na dagaa, mayai na maziwa zaidi. Karanga ziongezee nishati, dagaa wabaki sahanini.

Muda nao una maana. Mafuta hukawia kutoka tumboni, kwa hiyo glasi ile ukiinywa dakika arobaini kabla ya mechi utaisikia ikicheza mpira wake humo ndani. Inywe saa mbili hadi tatu kabla ya mazoezi makali, au baada ya mazoezi, au kabla ya kulala, ambao ndio wakati ninaoupenda kwa sababu hauharibu mlo mwingine. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: hiyo hali ya kukawia tumboni ndiyo unayoitaka wakati wa daku, na kwenye futari uji wenye karanga za kusaga na tende kadhaa unarudisha mengi kwa haraka. Wachezaji wa pwani wanaofunga hupoteza kilo zao mwezi huo kwa kuruka daku zaidi kuliko kwa kufunga kwenyewe.

Sasa sumukuvu. Hapa naomba usinipite haraka.

Kuvu wanaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri huota na kwenye karanga, na sumu wanayoitoa haionekani wala haina ladha ya kukushtua. Mwaka 2004 zaidi ya watu 120 walikufa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walizika watu kwa sababu hiyohiyo. Hivyo ni vifo vya dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku hufanya kazi taratibu kwenye ini na huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na mwanamichezo ninayemwambia ale karanga kila siku kwa miezi ndiye mtu wa dozi ndogo ya kila siku. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye karanga katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, lakini karanga za gunia la sokoni hakuna aliyezipima.

Kukaanga hupunguza sumu kiasi, hakuiondoi. Kinachosaidia ni macho na mikono. Nunua karanga zikiwa nzima, zimwage kwenye ungo, chambua kabla ya kukaanga: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye ukungu, zenye uchungu. Zitupe, na usiwape kuku, maana nao sumu inawadhuru. Karanga zilizokwisha kusagwa na muuza usiyemjua hazikupi nafasi hiyo ya kuchambua, na baadhi ya wasagaji huzisaga zile mbaya kwa kuwa ndizo za bei nafuu. Saga mwenyewe au simama mashineni zikisagwa zako. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, pakavu, pa baridi.

Kuhusu ipi bora kati ya hizi zote, sina msimamo mkali. Korosho zina madini ya chuma kuliko karanga, na zinateleza kwenye blenda vizuri ajabu. Lakini kwa bei ya kilo ya korosho zilizobanguliwa unapata kilo kadhaa za karanga. (Inauma kuyaandika haya katika nchi ambayo korosho zake nyingi hupanda meli Mtwara na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam.) Ufuta una madini mengi ya chokaa (kalsiamu) kwa ajili ya mifupa, usage nao; mbegu zake nzima hupita kama zilivyoingia. Njugu mawe ni kitu kingine kabisa: zina wanga mwingi na mafuta kidogo, zihesabu upande wa maharage. Karanga za kuchemsha ni tamu, ila zimenyonya maji, na gramu 100 zake zina kalori kama 320 tu. Kashata ni sawa mara mojamoja baada ya mazoezi.

Pima uzito asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, kwa mizani ileile, mara tatu kwa wiki, kisha tafuta wastani. Usihangaike na namba ya siku moja, maana jasho na maji peke yake vinaweza kukupandisha au kukushusha kilo nzima. Kwa kijana wa kilo 60, ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa wiki ni mwendo mzuri. Likizidi, punguza kijiko kimoja. Lisipofika baada ya wiki tatu, ongeza glasi ya pili. Na bila kunyanyua vyuma, au angalau mazoezi ya nguvu ya kutumia uzito wa mwili wako, ziada hiyo itahamia kiunoni.

Mwenye mzio wa karanga au korosho asijaribu hata kidogo kidogo. Kuvimba midomo, kubanwa kifua au kutokwa na vipele ndani ya dakika chache ni safari ya hospitali wakati huohuo. Na mtu anayekula vizuri huku akiendelea kupungua simpi siagi ya karanga, namtuma akapimwe: kifua kikuu kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au anatokwa jasho usiku, kisukari kama ana kiu na anakojoa sana. Kwa wasichana nauliza na hedhi. Ikikatika miezi mitatu kwa mchezaji anayefanya mazoezi makali, mara nyingi mwili unakuwa umeanza kubana matumizi kwa kukosa nishati, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko mwaka 2014. Hilo hukutana na wavulana pia, ila kwao hakuna dalili ya mwezi inayowashtua. Huyo anahitaji daktari, kupunguziwa mazoezi, na chakula zaidi cha kila aina, karanga zikiwa mojawapo.